Shajara ya vazi la Zygon

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Leo miaka 50 kamili. Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 1975, BBC ilirusha sehemu ya kwanza ya Terror of the Zygons, hadithi ya Doctor Who, kipindi cha televisheni cha kubuni, na mwaka huu tarehe hiyo imeangukia Jumamosi tena. Nimeichagua makusudi iwe siku ya kuanza kazi. Ninatengeneza vazi zima la Zygon, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, la mtu kulivaa akatembea nalo. Lazima liwe tayari tarehe 23 Novemba, siku kipindi hicho kilipoanza kurushwa mwaka 1963. Siku hiyo sisi wapenzi wachache wa kipindi hapa Cardiff hukutana katika ukumbi wa mtaa, kila mmoja na alichotengeneza kwa mikono yake.

Kwa asiyewajua: Zygon ni viumbe wa sayari nyingine wanaojigeuza kuwa mtu wanayemtaka, wakishamtia mkononi. Rangi yao ni ya chungwa lililoiva mpaka likapitiliza, kichwa ni kikubwa kama buyu, shingo hawana, na mwili mzima una vinyonyeo kama mkono wa pweza. Hadithi zao kubwa kwenye televisheni ni tatu tu, ya 1975, ya 2013 na ya 2015. Dalek, maadui wengine wa kipindi hiki, wametokea mara nyingi zaidi ya hapo, lakini mimi nikiwa mdogo Dalek hawakuninyima usingizi. Hawa walininyima.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka 22 nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, suti na makoti. Vazi lisilo na shingo sijawahi kulikata.

Vitu vilivyoingia ndani leo: kilo 12 za udongo wa kufinyangia, mifuko miwili ya plasta, lita 5 za mpira wa maji, sponji nene na sponji nyembamba, mita 6 za kitambaa cha kuvutika cha rangi ya kahawia, na kopo kubwa la gundi ya viatu. Atakayevaa ni mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo hapahapa. Ana mita 1.88 na mabega membamba, umbo linaloufaa huu mzigo.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeitazama hadithi ya 1975 mara mbili mfululizo, ya pili kwa kusimamisha picha na kuchora.

Mwandishi ni Robert Banks Stewart, Mskoti, na hadithi ameipeleka kwao. Mitambo ya mafuta inavunjwa baharini, Brigedia wa jeshi anamwita Daktari, shujaa wa kipindi, ambaye wakati huo anaigizwa na Tom Baker, na hatimaye inajulikana kwamba chini ya Loch Ness kuna chombo cha Zygon kilichojificha kwa karne nyingi. Yule mnyama wa ziwani ambaye watu wamemvizia kwa kamera miaka yote kumbe ni Skarasen, mfugo wao, nusu nyama nusu mashine. Ndiye wanayemtuma kutafuna mitambo, na maziwa yake ndiyo chakula chao. Hapo mimi husimama kila mara. Jitu linalotisha nchi nzima, kwa wenyewe ni ng'ombe wa maziwa.

Na kwao hakupo tena. Sayari yao iliangamia kwa mlipuko wa nyota, na kundi la wenzao, wakimbizi, liko njiani kuja huku. Kiongozi wao, Broton, amekusudia kuyeyusha barafu ya ncha za dunia ili ardhi yetu iwe joto na majimaji, iwafae wao. Ni adui, sikatai. Ameua na anataka kuua wengi zaidi. Lakini ukiwa umehama kwenu, neno "wakimbizi" likitamkwa kwenye hadithi huwezi kulipita kama hukulisikia.

Mavazi yalibuniwa na James Acheson, ambaye baadaye alishinda Oscar tatu za ubunifu wa mavazi, na vinyago vilifinyangwa na John Friedlander. Acheson alianzia kwenye picha za vijusi vya binadamu. Ukishalijua hilo macho yako hayarudi nyuma: utosi mkubwa, uso mdogo uliobanwa chini yake, mabega yaliyojikunja kuelekea kifuani. Mwingine angetafuta meno na makucha. Yeye alichukua sura ambayo kila mmoja wetu amepitia tumboni mwa mama yake, akaikuza mpaka ikasimama mbele yetu na kutuangalia.

Jambo la pembeni: Uskoti ile yote ilipigwa picha Sussex, kusini mwa Uingereza. Kijiji cha Tulloch cha kwenye hadithi ni Charlton, na ufuo ni wa Climping. Hata ardhi ilivishwa sura ya kwingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Kichwa. Nimetumia kichwa cha povu cha kuvalishia wigi, nikajenga utosi kwa waya na karatasi udongo usije ukalemea, kisha nikaanza kubandika.

Mara ya kwanza nilimpa nyusi zilizokunjamana, za mtu mwenye hasira. Nikasogea hatua tatu nyuma kumtazama, nikaona nimefinyanga shetani wa kawaida, wa kwenye mabango. Nimekwangua yote. Mtoto wa tumboni hana hasira na mtu. Nikalainisha paji, nikayazamisha macho ndani na kuyakaribisha, mdomo nikaufanya mdogo, umebinywa kidogo kama wa mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Hapo akaja. Ilikuwa saa sita usiku, udongo mbichi unang'aa chini ya taa, na nilijua ndiye, kwa sababu sikutaka kumpa mgongo.

Vinyonyeo vya kichwani nimevipiga kwa vifuniko: cha soda, cha chupa ya maziwa, na ukingo wa kikombe cha kahawa. Nimefuata mpango wa pweza, vikubwa kwenye mzizi na vidogo kadiri unavyokwenda nchani. Aliyekua anaponda pweza kwenye mwamba hahitaji picha ya kumwongoza, kidole kinakumbuka.

Nimemfunika kwa kitambaa chenye maji asikauke.

Jumamosi, 20 Septemba

Sehemu ya nne, ya mwisho, ilirushwa tarehe kama ya leo.

Nimetengeneza kalibu ya plasta ya vipande viwili, mbele na nyuma. Nilijenga ukuta mwembamba wa udongo kutoka bega hadi bega kupitia utosini, nikapaka mafuta ya mgando mahali vipande vitakapokutana, nikamwaga plasta ya kwanza nyepesi kama uji ili iingie kwenye kila kinyonyeo, halafu ile nzito juu yake. Plasta ikiganda hutoa joto. Ukiweka kiganja unahisi paji la mtoto mwenye homa, na halipoi haraka.

Nilipokuwa nasubiri nikakumbuka kwamba Daktari naye anafanya kazi hiihii mle ndani. Analetewa mabaki ya mtambo uliovunjwa, yana mashimo ambayo hakuna anayeyaelewa. Anayajaza plasta, na kinachotoka ni jino. Bila maneno mengi mtazamaji anajua mtambo haukupigwa na dhoruba, uling'atwa. Kwa fundi, ile ni moja ya sehemu bora za hadithi: mtu anaujua ukweli kwa kujaza pengo lake.

Jumapili, 28 Septemba

Siku mbaya.

Mpira wa maji ni utomvu wa mti uliotiwa amonia usigande. Nilipofungua kopo harufu ilipanda ngazi mpaka chumbani. Mjomba wangu aligema mpira Kihuhwi, Muheza. Alikuwa akiondoka alfajiri, anakata gome kwa mshazari, anafunga kikombe, maziwa ya mti yanachuruzika taratibu kabla jua halijawa kali. Jioni alikuwa akikaa barazani anabandua nyuzi za mpira zilizokaukia kwenye vinyweleo vya mikono, moja moja, akizungumza na watu. Nilikuwa sijamkumbuka miaka. Leo nimekaa jikoni nabandua zangu namna ileile.

Nilimimina tabaka sita. Unamwaga mpira ndani ya kalibu, unaizungusha ili ufike kila pembe, unamwaga unaobaki, unasubiri, unarudia. Plasta inakunywa maji ya mpira na kuuacha ukiwa ngozi. Lakini kalibu yangu ilikuwa bado na maji kiini chake. Siku nane hazikuitosha kwenye chumba hiki chenye unyevu. Nilipobandua, shavu la kulia lilichanika kutoka jichoni hadi mdomoni, na vinyonyeo vitatu vikabaki vimeng'ang'ania ndani ya plasta. Wiki nzima ya kazi. Nimevichokonoa kwa kijiti cha mishikaki bila kuikwaruza kalibu, nimeirudisha kando ya redieta, na sitaigusa mpaka Ijumaa.

Jumapili, 5 Oktoba

Limetoka zima. Tabaka nane safari hii. Nilipaka poda ya mtoto ndani na nje nilipokuwa nabandua, maana mpira huu ukigusana wenyewe kwa wenyewe unashikana na hauachani tena.

Rangi nimeichanganya na mpira wenyewe, kwa sababu rangi ya kawaida ukiipaka juu hupasuka uso unapokunjika. Tabaka la chini ni la damu ya mzee, la juu chungwa, na kwenye mikunjo nimepitisha kahawia kwa sponji.

Jumapili, 12 Oktoba

Vinyonyeo vya mwili: 214. Nimevihesabu kwa sababu kila kimoja nimekimimina, nimekikata kingo, nimekibandika. Nguo ya ndani ni ya kitambaa cha kuvutika, juu yake vipande vya sponji nilivyovichonga kwa mkasi kama mbavu na misuli, halafu mpira, halafu vinyonyeo. Mshono mkuu uko mgongoni. Zipu nimeificha chini ya safu ya vinyonyeo vinavyofunikana kama magamba ya samaki, na hiyo imeniridhisha kuliko kitu chochote cha mwezi huu.

Mama alipiga simu nikiwa na gundi mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Na hilo zimwi lako limefikia wapi?"

Mama hajatazama hata sehemu moja ya Doctor Who, lakini mambo haya si mageni kwake. Mazimwi wa hadithi alizonisimulia walikuwa wakijigeuza vijana wazuri, wakaja kuposa, na binti akaolewa akapelekwa msituni. Majini wa pwani nao huja na kanzu nyeupe na manukato, na wakubwa walitufunza: mtazame miguuni, kwato hazigeuki. Nikamwambia hawa hawana kwato, mama. Mmoja wao akigeuka amegeuka wote, mpaka sauti, mpaka alama ya kovu.

Akanyamaza kidogo. "Na mwenyewe je? Mwenye sura yake yuko wapi?"

Nimewaeleza watu wengi habari za Zygon, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia: yuko hai. Anakamatwa, anafungiwa ndani ya chombo chao chini ya ziwa, na chapa ya mwili wake ndiyo anayoivaa Zygon. Hawawezi kumtupa, kwa sababu sura inategemea mwili ule. Kwa hiyo Duke wa Forgill, mwinyi wa eneo lile, amelala chini ya maji, na juu ya nchi kavu uso wake unapokea wageni ngomeni. Muuguzi amelala chini, na uso wake unahudumia wagonjwa. Harry, rafiki wa Daktari, vilevile.

"Maskini," mama akasema. "Na watu wake hawajui kama amepotea."

Nimeandika maneno hayo kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Jumapili, 19 Oktoba

Mikono na miguu. Vidole vya Zygon ni vinene, na ndani ya glavu nimeacha nafasi ya kitambaa cha kunyonya jasho. Feni mbili ndogo za kompyuta zimekaa utosini, betri iko kiunoni. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Leo miaka 10 tangu The Zygon Invasion irushwe, tarehe 31 Oktoba 2015, na sehemu yake ya pili ilifuata tarehe 7 Novemba. Wiki hii nimezitazama hizo pamoja na ile ya mwaka 2013 ya kuadhimisha miaka 50 ya kipindi, aliyoiandika Steven Moffat.

Ya 2013 ina furaha nyingi. Zygon wanajificha ndani ya michoro kusubiri dunia iendelee vya kutosha, halafu wanatoka, wanavunja sanamu za jumba la sanaa London na kusimama wao mahali pake chini ya mashuka. Kinachowafichua ni vumbi la mawe sakafuni. Lakini moyo wake uko kwenye ghala la siri chini ya Mnara wa London. Watu na Zygon wenye sura zao wamekaa meza moja, bomu linahesabu, na Daktari anawafutia wote kumbukumbu ya nani ni nani. Sasa hakuna anayejua kama yeye ndiye mwenyewe au nakala, kwa hiyo kila mmoja anataka mkataba uwe wa haki kwa pande zote mbili. Na pale pembeni wasichana wawili, Osgood na Osgood, mmoja mtu na mmoja Zygon mwenye sura yake, mmoja anampa mwenzake kipulizio cha pumu. Wanatazamana. Wamejua. Kidole mdomoni, kimya. Nimeirudia mara nne.

Ya 2015, waliyoiandika Peter Harness na, kwa sehemu ya pili, Moffat pamoja naye, ni nzito. Matokeo ya mkataba ule ni Zygon milioni 20 wanaoishi duniani kwa siri katika sura za watu. Mmoja wa Osgood ameshauawa, na aliyebaki hataki kusema yeye ni yupi. Vijana wa Zygon wameasi, wanaongozwa na Bonnie aliyejivika sura ya Clara, rafiki wa Daktari, wanadai kuishi kwa maumbo yao wenyewe.

Kuna mahali askari wamezingira kanisa lenye Zygon ndani. Anatoka mama wa mmoja wao. Ni mama yake, kwa uso na kwa sauti, anamwomba asimpige risasi. Kamanda wao anawaambia ni nakala, na kila mmoja pale anajua huenda ni kweli. Askari yule hawezi. Wanaingia ndani na hawatoki. Mwandishi hakutumia jino wala kucha, alitumia mama.

Na kuna Zygon mmoja ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa akiishi mtaani kama jirani yeyote. Bonnie anamlazimisha kugeuka hadharani, na anabaki katikati, uso wa mtu wenye vinyonyeo vinavyofumuka shavuni kama majipu, anatetemeka, anajificha dukani. Anamwambia Daktari kwamba vita hivyo si vyake, yeye alitaka tu kuishi hapa. Kisha anajiua. Wengi wanaikumbuka hadithi hii kwa hotuba ya Peter Capaldi, aliyemwigiza Daktari wakati huo, kuhusu vita mbele ya masanduku mawili, na ni kweli hotuba ile ni ya kukumbukwa. Mimi namkumbuka yule wa dukani. Nimeishi mtaa huu miaka mingi, natoa salamu, nalipa kodi, na najua ni kitu gani kutaka tu kuishi mahali.

Nimebaki na siku 23.

Jumamosi, 8 Novemba

Jaribio la kwanza la vazi kamili. Dakika 14 kulivaa, watu wawili kusaidia. Linakaa vizuri mabegani. Nyonga ya kushoto inabana akipanda ngazi; nitaongeza kipande. Macho anaona mbele tu, pembeni haoni, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumwongoza ukumbini.

Ni zuri. Nasema kwa haki ya kazi, ni zuri. Nilimsimamisha sebuleni, taa nikaipunguza, nikazunguka mara mbili, nikagusa kila mshono. Na sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa natazama vazi.

Nimelifikiria hili mchana kutwa nikikata suruali ya mteja. Mwaka 1975 John Woodnutt aliigiza Broton na pia Duke wa Forgill. Akiwa Broton anazungumza kwa mnong'ono mkavu kama mtu anayepumua kupitia majani. Akiwa Duke ni mzee wa heshima, asiye na subira, anayelalamikia watu wa mafuta kuingia kwenye ardhi yake. Ngomeni kwake kunapendeza, maneno yake yana maana, na ameitunukia baa ya kijiji kichwa cha mnyama chenye pembe, ambacho ndani ya jicho lake kuna kamera inayowatazama wanywaji. Hofu yote ilikuwa kwa Duke. Lile umbo la chungwa lilikuwa jibu la swali ambalo Duke alikuwa ameshaliuliza.

Nimetengeneza nusu ya Zygon. Nusu ya pili ni koti.

Jumamosi, 15 Novemba

Twidi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, mita 2.5, bitana ya hariri bandia. Hii ndiyo kazi ninayoijua. Nimepima, nimekata, nimepiga kanvasi ya kifua kwa mkono, mishono midogo ya mshazari isiyoonekana nje, ndiyo inayolifanya koti lisimame hata likiwa limetundikwa. Mikono nimeiingiza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilivuta nyuma ya kwapa, na Duke hawezi kuvaa koti linalovuta. Vifungo vya pembe. Mfuko wa kifuani umekaa sawasawa na mstari wa kitambaa, usioonekana mpaka uuguse.

Nimelishona koti hili kama la mteja atakayelizikia baba yake. Lisiwe na kosa hata moja. Mtu akimtazama asione chochote cha kumsimamisha.

Nimemwambia mtoto: ukilivaa usifanye sauti ya kutisha, usitoe macho. Fanya kila kitu cha kawaida, ila pungukiwa na kitu kimoja. Akaniuliza kipi. Nikamwambia atafute mwenyewe.

Jumapili, 16 Novemba

Alilala hapa jana. Asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha chai ya tangawizi, nikasikia ngazi. Akaingia amevaa koti, nywele amezichana upande, akavuta kiti, akakaa.

"Habari za asubuhi," akasema.

Nikageuka na sufuria mkononi. Mtoto huyu tangu ajue kusema hajawahi kuingia nilipo bila shikamoo. Akiwa na homa, akiwa amekasirika, hata usiku ule aliponipigia kunieleza kuhusu baba yake, alianza na shikamoo shangazi. Sasa amekaa pale, uso wake, mikono yake, kovu lake la baiskeli kidevuni, ananitazama kwa adabu kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

"Umelala salama?" nikamuuliza.

"Nimelala vizuri. Asante."

Sikuweza kumimina chai. Nilijua ni mchezo, mimi ndiye niliyemtuma, na mwili wangu haukujali. Kilichonijia kichwani si Broton wala chombo chini ya ziwa. Ni swali la mama: mwenyewe yuko wapi?

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alisimama haraka, akalivua koti, akaja akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo shangazi. Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba," nikasema, mara mbili.

Tumekunywa chai. Sijabadilisha chochote kwenye koti.

Jumapili, 23 Novemba, usiku

Aliingia ukumbini saa tisa na robo alasiri akiwa na koti. Akasalimiana na kila mtu kwa mkono, akaulizia maonyesho, akasifia kielelezo cha chombo cha Dalek alichojenga mzee mmoja kwa viberiti. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Alikaa nao dakika 40. Halafu akaenda nyuma ya pazia, tukamvalisha, na safari hii ilituchukua dakika 11.

Alipotoka walipiga makofi, kisha makofi yakapungua yenyewe, kwa sababu koti la twidi alikuwa amelishika mkononi, limekunjwa vizuri juu ya vinyonyeo, na watu walianza kukumbuka walizungumza naye nini. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa yeye muda wote?" Msichana wa miaka kama sita akasogea, akaweka kidole kimoja kwenye kinyonyeo kikubwa cha kifuani, akakibonyeza. Zygon hakusogea. Msichana akamuuliza kama yule mwenye koti atarudi. Mtoto wa kaka akainamisha ule utosi mkubwa polepole, kukubali.

Ya kufanya: mshono wa kwapa la kushoto umeachia sentimita 4. Vinyonyeo viwili vya mgongoni vimedondoka, kimoja nimekiokota. Ndani ya kinyago kunahitaji kufutwa kwa maji ya siki na kukaushwa mbali na jua, maana jua huula mpira. Koti liko sawa. Nimelitundika kwenye mlango wa chumba cha kushonea, halafu nimelihamishia kabatini.